Namna ya kuchagua na kufunga kiyoyozi chenye sauti ndogo nyumbani

Barabara ya Zhanqian iko mjini Guangzhou, mkoani Guangdong, kusini mwa China. Jina hilo kwa Kichina lina maana ya "barabara iliyo mbele ya kituo", kwa kuwa iko karibu na kituo cha garimoshi cha Guangzhou, ambacho jengo lake lilikamilika mwaka 1974. Eneo hilo linajulikana kwa maduka ya jumla ya nguo, na si geni kwa wafanyabiashara kutoka Afrika Mashariki, kwani mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, ambako Waafrika wengi hufikia, haiko mbali. Mchana hapo husikika mikokoteni, malori na utepe wa gundi unaozungushwa kwenye mizigo. Usiku, maduka yanapofungwa, sauti inayosikika zaidi ni mngurumo wa viyoyozi vilivyoning'inia kwenye kuta za majengo.

Mngurumo huo una sababu. Guangzhou iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa. Mwezi Julai wastani wa joto la mji huo ni karibu nyuzi 29, na hewa yake ina unyevu mwingi, hali ambayo mkazi wa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Muscat anaifahamu vizuri. Kulala bila kiyoyozi katika majira hayo ni shida. Lakini mashine inayomletea mtu usingizi kwa ubaridi wake inaweza pia kumnyima usingizi kwa kelele zake, au kumnyima jirani yake asiyefaidika na ubaridi huo hata kidogo. Ndiyo maana wanunuzi wengi sasa hawaulizi tu kiyoyozi kinapoza kiasi gani, bali pia kinapiga kelele kiasi gani. Jibu la swali hilo halimo lote ndani ya katoni, kwa kuwa sehemu kubwa ya utulivu hutokana na kazi ya fundi anayekifunga.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono wa mtu aliye karibu ni takriban desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kelele zinazoendelea ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 ili watu wapate usingizi mzuri. Mwaka 2009 mwongozo wa shirika hilo kwa nchi za Ulaya ulishauri kuwa wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40.

Namba hizo zinahitaji kueleweka vizuri, kwa kuwa hazihesabiwi kama kilo au mita. Sauti inapoongezeka kwa desibeli 10, sikio la binadamu huisikia kana kwamba imekuwa kubwa maradufu. Kwa hiyo kiyoyozi cha desibeli 40 hakimzidi kile cha 30 kwa theluthi moja tu, bali husikika mara mbili. Mashine mbili zinazofanana zikiwekwa pamoja, kelele zake huongezeka kwa desibeli 3 tu, lakini mashine 10 huongeza desibeli 10. Mahali palipo wazi, mtu anayekwenda umbali mara mbili kutoka kwenye mashine hupunguziwa takriban desibeli 6. Katika uchochoro mwembamba unafuu huo hupungua, kwa kuwa sauti hugonga ukuta mmoja na kurudi kwenye mwingine.

Jambo hilo linaonekana wazi mjini Guangzhou. Katika sehemu zinazoitwa vijiji vya mjini, ambavyo vilimezwa na mji ulipopanuka, nyumba zimejengwa kwa kukaribiana mno hata wenyeji huziita "majengo ya kupeana mikono", yaani mtu anaweza kunyoosha mkono dirishani akasalimiana na jirani wa jengo la pili. Mahali kama hapo mashine ya nje ya nyumba moja huwa iko mbele ya kitanda cha nyumba nyingine.

Mnunuzi anayeingia dukani mkoani Guangdong hukutana na viyoyozi vya aina nyingi, kwani mkoa huo ni kitovu cha utengenezaji wa bidhaa hiyo. Kampuni ya Midea ilianzia Shunde mwaka 1968, ikaanza kutengeneza viyoyozi mwaka 1985. Kampuni ya Gree ilianzishwa mwaka 1991 na makao yake yako Zhuhai. Bidhaa za kampuni hizo mbili zinauzwa pia katika miji ya Afrika Mashariki na Ghuba.

Jambo la kwanza ni kuisoma namba ya mashine. Kwenye viyoyozi vya China huandikwa, kwa mfano, KFR-35GW. Herufi K inaonesha kuwa ni kiyoyozi cha chumba, F kuwa kina sehemu mbili, moja ya ndani na nyingine ya nje, na R kuwa kinaweza pia kutoa joto. Namba 35 ina maana kuwa uwezo wake wa kupoza ni wati 3,500. G ni mashine ya kutundikwa ukutani, na W ni ile ya nje. Wauzaji wa China hupenda kutaja nguvu ya farasi: farasi mmoja ni karibu wati 2,500 za kupoza, na farasi mmoja na nusu ni karibu 3,500. Wauzaji wa Nairobi na Dar es Salaam hutaja BTU: 9,000 zinalingana na farasi mmoja, na 12,000 na farasi mmoja na nusu. Mkazi wa pwani hana haja ya kulipia uwezo wa kutoa joto ikiwa kuna mashine ya kupoza tu inayomfaa.

Jambo la pili ni ukubwa unaolingana na chumba. Mafundi wengi wa China hukadiria wati 150 hadi 200 za kupoza kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita za mraba 16, kwa hiyo kinahitaji kati ya wati 2,400 na 3,200. Kikiwa na kivuli, mashine ya wati 2,600 inatosha. Kikiwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya bati linalopigwa na jua mchana kutwa, inafaa ile ya 3,500. Hesabu hiyo inahusu kelele moja kwa moja. Mashine ndogo mno hufanya kazi kwa nguvu zake zote usiku kucha, na feni yake haipumziki. Mashine kubwa mno nayo hupoza chumba haraka, ikazima kabla ya kuondoa unyevu, kisha ikawaka tena, na kila inapowaka hushtua.

Jambo la tatu ni aina ya kompresa, yaani moyo wa kiyoyozi. Katika viyoyozi vya zamani kompresa ina mwendo mmoja: huwaka kwa nguvu zote au huzima kabisa. Katika vile vya inverta, mwendo wake hupanda na kushuka kulingana na joto la chumba. Kampuni ya Toshiba ya Japani ndiyo iliyouza kiyoyozi cha kwanza cha nyumbani cha aina hiyo mwaka 1981. Chumba kikishapoa, kompresa ya inverta huenda polepole bila kuzima, na feni nayo hupunguza mwendo. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa kelele za feni hutegemea mno mwendo wake. Mwendo ukipungua kwa nusu, kelele zinaweza kushuka kwa takriban desibeli 15. Ndiyo maana mashine yenye feni kubwa inayozunguka polepole kwa kawaida huwa na utulivu kuliko yenye feni ndogo inayozunguka kwa kasi.

Jambo la nne ni kuisoma namba ya kelele bila kudanganyika. Matangazo mengi huandika namba moja ndogo, kama 18 au 20, ambayo ni sauti ya mashine ya ndani peke yake, feni ikiwa katika mwendo wa chini kabisa. Mnunuzi anapaswa kuuliza namba tatu: ya mashine ya ndani katika mwendo wa chini, ya hiyohiyo katika mwendo wa juu, na ya mashine ya nje. Kiwango cha taifa cha China cha mwaka 2004 kiliruhusu viyoyozi vya sehemu mbili vya wati kati ya 2,500 na 4,500 vitoe hadi desibeli 45 ndani na 55 nje, kwa hiyo mashine inaweza kuwa halali dukani na bado ikamsumbua mtu anayelala.

Aidha, kuna namba za aina mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Moja hueleza nguvu yote ya sauti inayotoka kwenye mashine, na nyingine hueleza sauti inayosikika mahali fulani, kwa mfano umbali wa mita moja. Kwa mashine hiyohiyo, namba ya kwanza huizidi ya pili kwa desibeli 8 au zaidi. Lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya kwa viyoyozi huandika ile ya kwanza, ambayo ni kubwa. Mtu anayelinganisha kiyoyozi chenye lebo ya Ulaya na kile cha duka la Guangzhou anaweza kukikataa kizuri kwa kudhani kina kelele, kumbe vipimo havifanani. Lebo ya nishati ya China ina madaraja matano, la kwanza likiwa bora zaidi. Daraja hilo hupima matumizi ya umeme, si kelele, ingawa mashine za daraja la kwanza kwa kawaida huwa za inverta.

Baada ya kununua huja kazi ya kufunga, na hapo ndipo fedha za wengi hupotea. Mashine nzuri ikifungwa vibaya hupiga kelele kuliko mashine ya kawaida iliyofungwa vizuri, kwa sababu kompresa hutetemeka, na mtetemo huo ukipata njia ya kuingia ukutani, ukuta mzima hugeuka ngoma. Kwa hiyo mashine ya nje ifungwe kwenye ukuta imara wa zege au matofali mazito, wala si kwenye kizigo chepesi au bati. Chini ya miguu yake ziwekwe raba nene za kuzuia mtetemo, na kila skrubu ikazwe. Fundi atumie pima-maji kuhakikisha mashine imekaa sawa, kwa sababu iliyoinama hutetemeka zaidi.

Mabomba ya shaba yanayounganisha mashine mbili nayo hupitisha mtetemo. Yavikwe sponji, yasiguse ukuta mahali yanapopenya, na tundu lake lizibwe vizuri, la sivyo kelele za barabarani zitaingia humo. Watengenezaji wengi hushauri bomba lisiwe fupi kuliko mita 3, kwa kuwa likiwa fupi mno, mtetemo na sauti ya gesi hufika ndani kirahisi. Tundu liinamie nje kidogo ili maji yatiririke, kwani maji yanayosimama kwenye bomba hutoa sauti ya kububujika ambayo wengi huidhania kuwa ubovu wa mashine. Kabla ya kufungulia gesi, hewa na unyevu viondolewe kwenye mabomba kwa pampu ya kunyonya hewa. Fundi anayeruka hatua hiyo ili kuokoa nusu saa humwachia mwenye nyumba kompresa itakayoumia mapema. Wahenga walisema rahisi ghali.

Kuhusu mahali, mashine ya ndani isiwekwe juu ya kichwa cha kitanda, wala kwenye ukuta mwembamba wa mbao au jasi unaotenganisha vyumba viwili. Mashine ya nje isiwekwe kwenye pembe ya kuta mbili, kwa kuwa pembe hukuza sauti. Wengine huificha ndani ya sanduku lililobana wakidhani wanazuia kelele. Matokeo yake ni kinyume, kwani hewa ya moto hukosa njia, joto huzidi, na kompresa hulazimika kufanya kazi kwa nguvu na sauti kubwa zaidi.

China iliweka kanuni za ufungaji zinazomlinda jirani. Kiwango cha taifa cha mwaka 2008 kiliagiza mashine ya nje yenye uwezo usiozidi wati 4,500 iwe umbali wa mita 3 au zaidi kutoka kwenye mlango au dirisha la jirani linalotazamana nayo, na mita 4 kwa iliyo kubwa zaidi. Kwa majengo yaliyo kando ya barabara, kiliagiza fremu ya mashine iwe juu ya mita 2.5 kutoka ardhini, ili hewa ya moto isiwapulizie wapita njia. Katika majengo ya kupeana mikono, nafasi ya mita 3 ni vigumu kuipata, na ndiyo maana ugomvi wa viyoyozi haukosekani. Sheria mpya ya China ya kuzuia uchafuzi wa kelele, iliyoanza kutumika tarehe 5 Juni mwaka 2022, inazitaka familia zinapotumia vyombo vya umeme zidhibiti sauti, na majirani wamalize migogoro ya kelele kwa kuelewana. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2009 ziliweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi. Kiyoyozi kilichofungwa ovyo kinaweza kukivuka kikomo hicho kirahisi.

Mfanyabiashara anayekusudia kupakia kiyoyozi kwenye kontena kutoka Guangzhou kwenda Afrika Mashariki ana mambo mengine ya kuzingatia. Umeme wa China ni volti 220 na mzunguko wake ni 50 kwa sekunde. Ule wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, kwa mzunguko huohuo wa 50, kwa hiyo tofauti si kubwa, ila plagi hazifanani. Tatizo kubwa zaidi ni umeme unaopanda na kushuka. Volti zikishuka, kompresa ya kawaida huguna na kuumia, hivyo inafaa kununua pamoja nayo kifaa cha kulinda umeme. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la ndani la China mara nyingi huwa na rimoti yenye maandishi ya Kichina, na mnunuzi aulize mapema kama dhamana ya kiwanda itatambuliwa nchini kwake. Anayepeleka Oman achague mashine ya daraja la T3, lililowekwa kwa ajili ya nchi zenye joto kali, kwani zile za kawaida za T1 huzidiwa na kiangazi cha Ghuba.

Gesi nayo iangaliwe. Gesi ya R22, iliyotumika kwa miaka mingi, inaondolewa sokoni duniani kote kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Makubaliano yaliyofikiwa mjini Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba mwaka 2016 yanazitaka nchi zipunguze pia gesi zinazoongeza joto la dunia. Viyoyozi vingi vipya vya nyumbani hutumia R32, ambayo athari yake kwa hali ya hewa ni ndogo kuliko ile ya R410A, lakini inaweza kushika moto katika mazingira fulani. Kwa hiyo ifungwe na fundi aliyefunzwa. Katika miji ya pwani, chumvi ya bahari hula chuma. Fremu iwe ya chuma kisichoshika kutu au kilichopakwa zinki, kwa sababu fremu iliyooza kwanza hupiga kelele, na hatimaye huangusha mashine.

Kwa wale ambao tayari wana kiyoyozi chenye kelele, si lazima wakimbilie kununua kipya. Vichujio vya hewa vioshwe kila baada ya wiki mbili katika majira ya joto, kwani vumbi hulazimisha feni kuvuta hewa kwa nguvu. Skrubu za fremu zikazwe, raba zilizokauka zibadilishwe, na bomba linalogonga ukuta litenganishwe nao. Pazia zito dhidi ya jua la alasiri na feni ya dari, ambayo Waswahili wengi huiita panga boi, huwezesha kiyoyozi kuwekwa kwenye nyuzi 26 au 27 badala ya 20. Mwaka 2007 serikali ya China iliagiza majengo ya umma yasipozwe chini ya nyuzi 26 wakati wa joto. Agizo hilo lilikuwa la kuokoa umeme, lakini faida yake kwa masikio ni ileile: mashine isiyolazimishwa haipigi kelele.

Mwenye nyumba anapomlipa fundi, asikubali kazi kwa kuhisi ubaridi peke yake. Mashine iwashwe katika mienendo yote, kisha asimame kimya chumbani, aguse ukuta kwa kiganja kuona kama unatetemeka. Baada ya hapo atoke nje, aende karibu na dirisha la jirani na asikilize akiwa huko. Sauti atakayoisikia hapo ndiyo jirani atakayolala nayo kila usiku, na ni rahisi kuirekebisha fundi akiwa bado yuko kazini kuliko baada ya ugomvi kuanza.